Geji, Kiwango na Usanifu: Uhakiki wa Lugha ya Reli

Tanzania ina njia za reli za vipimo vitatu, wala hapana hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachotajwa waziwazi katika majina yanayotumika kila siku. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina nafasi ya milimita 1000 kati ya reli moja na ya pili yake. Reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1067, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha reli za kusini mwa Afrika ambazo ilikusudiwa kuungana nazo. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ina milimita 1435. Treni iliyoundwa kwa njia mojawapo haiwezi kupita katika nyingine. Jambo hili ni kubwa katika habari zote za reli hizo, maana ndilo linaloamua mzigo ushushwe wapi, upakiwe upya wapi, na gharama yake imwangukie nani. Hata hivyo, msomaji wa habari za reli kwa Kiswahili aghalabu halioni, kwa sababu maneno aliyopewa yamelifunika.

Majina yanayotumika sana yafaa kuchunguzwa moja moja. La kwanza ni "reli ya kisasa". Neno "kisasa" latokana na "sasa", na kila kitu hupata zamu yake ya kuitwa hivyo, kisha zamu ikapita. Reli ya Tanga, iliyoanzwa mwaka 1893, na ile ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, zilikuwa za kisasa katika siku zake, na zote mbili zilijengwa kwa kipimo cha mita moja. Kwa upande mwingine, kipimo cha milimita 1435 ndicho kilichotumika katika reli ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa mwaka 1830. Basi kwa kuhesabu miaka, kipimo kinachoitwa cha kisasa kina umri mkubwa kuliko hicho kinachoitwa cha zamani. Vilivyo vipya katika reli ya Dodoma ni umeme wake, mitambo yake ya ishara na ubora wa tuta lake. Na vitu hivyo havikuzaliwa na upana wa njia. Tena jina hili lina madhara kwa jirani yake. Njia ya mita moja ikiitwa "reli ya zamani", huhesabiwa kana kwamba imekwisha kazi, na mtu hufikiri kuwa swali la kuziunganisha njia hizo mbili halina haja ya kuulizwa.

Jina la pili ni "mwendokasi". Hili ni neno zuri kwa maumbile yake, nalo lilipendwa na watu wa Dar es Salaam kwa mabasi kabla halijahamia kwenye treni. Lakini kasi si sifa ya upana peke yake. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, kwenye njia ya milimita 1067, treni ya umeme ilifikia mwendo wa kilomita 210 kwa saa mwaka 1999. Anayefundishwa kwamba reli pana ndiyo mwendokasi na nyembamba ndiyo mwendo wa kobe amefundishwa jambo lisilo na msingi.

Jina la tatu, ambalo lilikusudiwa kuwa la kitaalamu, ni "reli ya kiwango cha kimataifa". Hapa kosa ni la tafsiri. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana mbili: moja ni ubora unaotakiwa, nyingine ni kipimo kilichokubaliwa na wengi ili vitu vyao vipate kulingana. Kiswahili hutumia "kiwango" kwa maana ya kwanza, ndiyo maana husemwa kwamba bidhaa ina kiwango, au kwamba kazi imefanywa chini ya kiwango. Wahandisi walikusudia maana ya pili. Tafsiri ikachukua ya kwanza, na neno "kimataifa" likaongezwa kama pambo. Matokeo ni kwamba jina lililopaswa kueleza kipimo limekuwa jina la sifa, na kila reli isiyokuwa hiyo inaonekana haina kiwango.

Hilo pambo nalo halisimami vizuri. Ni kweli kwamba kipimo cha 1435 ndicho kilichoenea zaidi duniani. Lakini Tazara tangu mwanzo ni mali ya nchi mbili na huvuka mpaka. Njia ya mita moja iliyotoka Mombasa iliingia Uganda tangu zamani za ukoloni. Ilhali reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa hadi Nairobi mwaka 2017, ilipoendelezwa mwaka 2019 iliishia karibu na Naivasha, katikati ya nchi, na shehena ya kwenda Uganda ikabidi ihamishiwe kwenye njia ile ile ya mita moja. Ikiwa "kimataifa" maana yake ni kufika kwa mataifa mengine, basi jina limepewa asiyestahili.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, maana lugha yenyewe imepitia shauri la namna hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikapewa kusimamia usawa wa tahajia na msamiati. Kuchaguliwa kwa Kiunguja hakukuthibitisha kwamba Kimvita, chenye hazina kubwa ya mashairi, kilikuwa lugha duni. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara pamoja na biashara, na shule za nchi mbalimbali zilihitaji kitabu kimoja. Uamuzi ulikuwa wa manufaa na wa wingi. Neno lililokuja kusimama kwa maana hiyo ni "sanifu", na hadi leo husemwa Kiswahili Sanifu.

Historia ya kipimo cha milimita 1435 yafanana na hiyo. Kipimo hicho kilitoka katika njia za magari ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, kikachukuliwa na George Stephenson, kikaenea pamoja na kazi zake. Kampuni ya Great Western ilitumia milimita 2140, nayo ilidai kuwa njia yake ni imara zaidi na ina mwendo mkubwa zaidi. Njia hizo mbili zilikutana katika mji wa Gloucester, na hapo shehena yote ya kupita ilishushwa kutoka behewa moja na kupakiwa katika jingine, kwa kelele na hasara iliyosemwa nchi nzima. Tume ya serikali iliundwa mwaka 1845. Katika majaribio yaliyofanywa, injini za njia pana ndizo zilizofanya vyema zaidi; lakini njia za kipimo kile kingine zilikuwa nyingi mno kuzidi, na wingi ukashinda. Sheria ya mwaka 1846 iliamuru njia mpya za abiria zijengwe kwa milimita 1435 katika Uingereza, na kwa milimita 1600 katika Ireland. Njia pana ya mwisho ya Great Western iliondolewa mwezi Mei 1892. Tena la kukumbukwa sana ni hili: katika ugomvi huo kipimo cha 1435 kiliitwa chembamba. Kilichoitwa chembamba huko ndicho kinachoitwa kipana Afrika ya Mashariki, na sheria moja ilisanifisha vipimo viwili kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo, kama tafsiri inatakiwa, inayofaa ni "geji sanifu", wala si "kiwango cha kimataifa". Lakini hata "sanifu" lina hatari yake. Kila aliyekulia katika lahaja isiyochaguliwa anajua kwamba neno hilo huanza kama jina la makubaliano na huishia kuwa jina la ubora. Na mwalimu asiyeangalia humwambia mtoto kwamba anasema vibaya, ilhali mtoto anasema Kimvita au Kipemba. Dawa ya hatari hiyo katika mambo ya reli ni nyepesi: kutaja tarakimu. Ikisemwa "geji ya 1000", "geji ya 1067" na "geji ya 1435", hakuna iliyotukuzwa wala iliyodharauliwa, na msomaji hupata mara moja habari anayoihitaji.

Neno "geji" lenyewe linahitaji kutetewa, maana wako watakaosema kwamba "upana wa reli" ni Kiswahili safi na kwa hiyo ni bora. Usafi huo ni wa juu juu. "Reli" katika Kiswahili ni neno lenye mizigo mingi: ni kile chuma kimoja kilicholazwa chini, ni njia nzima yenye vyuma viwili, na tena ni shirika lenye njia hiyo, kama mtu anaposema kwamba baba yake alifanya kazi reli. Basi "upana wa reli" waweza kuwa upana wa kichwa cha chuma kimoja, ambao ni kama milimita sabini, au upana wa tuta zima, au nafasi kati ya vyuma viwili. Istilahi yenye maana tatu haifai kwa kitabu cha ufundi. "Upana wa njia" una afadhali, lakini nao huchanganyika na barabara. "Geji" ni neno geni, na tayari lina kazi nyingine, kwa mfano kwa kile kipimo cha mafuta katika gari. Lakini mahali pake katika sentensi hulitenga, na hakuna atakayedhani kwamba geji ya 1067 ni ya mafuta.

Kiswahili hakikuanza leo kuhamisha maneno namna hii. Miti au zege zinazolazwa chini ya reli huitwa mataruma, na taruma ni neno la wajenzi wa vyombo, jina la mti unaotiwa ndani ya jahazi ili kulipa nguvu. Behewa lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba ya mawe kabla halijawa chumba kinachokwenda juu ya magurudumu. Watu waliotoa majina hayo walitazama kazi ya kitu, wakatafuta kifananacho nacho katika ufundi walioujua. Jina "reli ya kisasa" halikuzaliwa kwa kutazama. Lilizaliwa kwa kusifu.

Matatizo huzidi pale mwandishi anapofikia shauri la kukutanisha geji mbili. Msemo unaomjia kwanza mfasiri ni "reli zinazoweza kubadilika upana". Kwa sarufi hauna kosa. Kosa liko katika kiima cha kitenzi. Reli iliyofungwa juu ya mataruma haisogei, wala hakuna mhandisi anayetaka isogee, maana usalama wote wa treni uko katika kutosogea kwake. Anayesoma msemo huo hupata picha ya vyuma vinavyokaribiana na kuachana mbele ya treni, na picha hiyo ikishaingia akilini humzuia kuelewa kila kinachofuata. Kiswahili, kwa mnyambuliko wa vitenzi vyake, kina uwezo mkubwa wa kulieleza jambo hili barabara: kuna kubadili, kubadilisha, kubadilika na kubadilishia, kuna kuhama, kuhamisha na kuhamishia. Kila umbo humdai msemaji ataje ni nani afanyaye, ni nini kifanyiwacho, na ni mahali gani. Zikichukuliwa njia nne zinazojulikana za kukutanisha geji, kila moja yataka umbo lake.

Njia ya kwanza ni kuhamishia. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa hukutana na Tazara, na hapo palijengwa kituo cha kuhamishia shehena kutoka geji ya 1000 hadi geji ya 1067. Hakuna chochote kilichobadilika, si njia wala gurudumu. Mzigo ndio uliohamishwa. Gloucester ya mwaka 1845 na Kidatu ni habari moja.

Njia ya pili ni njia ya geji mbili, ambayo kwa haki ndiyo pekee iliyo kazi ya mjenzi wa njia. Hapa nako hakuna kinachobadilika: reli ya tatu huongezwa, ili treni za geji zote mbili zipite, moja ikitumia reli ya kwanza na ya pili, nyingine ya kwanza na ya tatu. Kati ya Gia Lam na mpaka wa China, nchini Vietnam, iko njia ya namna hii ya geji za 1000 na 1435. Tofauti ya vipimo hivyo ni milimita 435, nafasi inayotosha kuweka reli ya tatu. Kati ya 1000 na 1067 tofauti ni milimita 67 tu. Kichwa cha reli chajaza nafasi hiyo, na kitako chake ni kipana zaidi, wala ukingo wa gurudumu hauna pa kupita. Basi reli tatu haziwezekani, na zatakiwa nne, yaani njia mbili zilizoingiliana juu ya taruma moja. Msomaji aliyepewa majina "ya zamani", "Tazara" na "ya kisasa" hawezi kuifanya hesabu hii. Aliyepewa tarakimu huifanya kwa kutoa tu, naye huona kwamba vipimo viwili vinavyokaribiana sana ndivyo vigumu zaidi kuishi pamoja.

Hata penye nafasi, kazi si nyepesi. Treni mbili zinazotumia reli moja ya pamoja hazina mstari mmoja wa kati: kwa geji za 1000 na 1435 mistari hiyo huachana kwa zaidi ya milimita 217. Kwa hiyo jukwaa linalolingana na mlango wa treni moja huacha pengo kwa nyingine, na waya wa umeme uliowekwa katikati ya moja huwa kando ya nyingine. Panapogawanyika njia, vyuma vya kuelekeza magurudumu huongezeka, na kila kimoja chataka matunzo.

Njia ya tatu ni kubadilisha bogi, yaani vile viunzi vyenye magurudumu vinavyobeba behewa. Huko Brest, katika mpaka wa Belarus na Poland, behewa huinuliwa, bogi za milimita 1520 huondolewa chini yake, na za 1435 huwekwa mahali pake. Hapa mfanyakazi ndiye anayebadilisha, na bogi ndiyo inayobadilishwa.

Njia ya nne ndiyo inayostahili kitenzi "kubadilika", na kinachobadilika ni nafasi kati ya magurudumu. Kampuni ya Talgo ya Hispania ilianza kuitumia mwaka 1969 kwa treni ya kutoka Barcelona kwenda Geneva, kati ya geji za 1668 na 1435. Treni hupita polepole juu ya kibadilishio, yaani mtambo uliojengwa chini mahali pamoja. Behewa huchukuliwa na mihimili ya kando, magurudumu yakabaki bila uzito. Makomeo yanayoyashika hufunguliwa. Reli za kuongoza huyasukuma ndani au nje. Kisha makomeo hufungwa tena na uzito ukarudi. Nchini Uswisi, tangu Desemba 2022, treni ya kutoka Montreux kwenda Interlaken hubadilika huko Zweisimmen kutoka geji ya 1000 hadi ya 1435, vipimo vile vile vinavyokutana Dar es Salaam na Nairobi. Hapo hata bodi ya behewa huinuliwa au kushushwa, kwa kuwa majukwaa ya pande mbili hayalingani kwa kimo, na kichwa cha treni huondolewa kikawekwa kingine.

Yafaa pia kutaja palipokataliwa. Japani ilifanya majaribio kwa miaka mingi ya treni ya geji za 1067 na 1435. Mwaka 2017 kampuni ya reli ya Kyushu ilitangaza kwamba haitaitumia, kwa sababu ya uchakavu wa ekseli na gharama ya matunzo. Na njia mpya ya kwenda Nagasaki ilipofunguliwa mwaka 2022, abiria walihama treni kwa kuvuka jukwaa moja huko Takeo-Onsen. Ni kusema kwamba baada ya ufundi mwingi, nchi hiyo ilirudi kwenye njia ya kuhamia, ila ikaifanya iwe nyepesi kwa abiria. Kwa shehena mambo ni tofauti, kwani kontena haliwezi kuvuka jukwaa kwa miguu yake.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya wahandisi, na kwamba raia wa kawaida atosheka na "reli ya kisasa". Hoja hiyo haina nguvu. Mfanyabiashara anayepeleka mchele, mpakuzi wa shehena, mbunge anayepitisha fedha na mwanafunzi wa chuo cha reli wote huamua au huathirika kwa jambo hili. Ikiambiwa hadhara kwamba reli zitaunganishwa, yapasa iweze kuuliza kwa lugha yake: zitaunganishwa kwa kuhamishia, kwa reli ya tatu, kwa kubadilisha bogi, au kwa magurudumu yanayobadilika? Maswali hayo manne yana gharama nne tofauti. Lugha yenye "kisasa" na "zamani" tu haiwezi kuyauliza, na mwenye kuamua huachwa aamue bila kuulizwa.

Kwa waandishi wa kamusi na wafasiri wa vitabu vya ufundi, basi, yapendekezwa haya: "geji" isimame kwa nafasi kati ya reli mbili, ikifuatwa na tarakimu, "geji sanifu" itumike pale tu inapotakiwa kutafsiri jina la Kiingereza, "njia ya geji mbili" itengwe na "kibadilishio cha geji", na kitenzi "kubadilika" kiachiwe gurudumu. "Mwendokasi" na "reli ya kisasa" yabaki kwa wenye kutangaza safari, maana tangazo lina haki yake ya kusifu. Kamusi haina haki hiyo.